Fundi Guccio na Uso wa Mwisho Ukutani

Padri wetu, ndugu na majirani wa Roccamora, familia inawasomea haya kwa kinywa cha Nardo, mkwe wa marehemu.

Marehemu Guccio, mwana wa mwashi Berto, alizaliwa hapa tarehe 3 Machi 1289, akabatizwa katika kanisa hili mlimokaa, wakati huo kuta zake zikiwa tupu kabisa. Mwaka 1301 alipelekwa Perugia kujifunza kazi, akasaga rangi na kuchuja chokaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuchora hata kidole cha malaika, akarejea mwaka 1313 akiwa fundi kamili. Michoro yake imo katika makanisa ya bonde lote, na haibanduki, kwa kuwa alichora juu ya lipu mbichi, akipaka asubuhi kipande atakachokimaliza kabla hakijakauka, na wanaochora juu ya ukuta mkavu aliwaita wapaka siagi.

Alimwoa Tessa tarehe 8 Februari 1316, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia wangali wachanga, akabaki Ghita, ambaye baba yake alimfundisha kazi hii, watu wakasema weee mpaka wakachoka.

Kifua kilianza kumsumbua majira ya baridi yaliyopita. Jumanne iliyopita, tarehe 9 Oktoba 1347, alipanda jukwaa hili, akapaka lipu ya uso wa Mtakatifu Ana, uso wa mwisho uliobaki, aliokusudia ufanane na marehemu Tessa, akaishiwa nguvu kabla hajaugusa kwa rangi. Alibebwa hadi nyumbani, Ghita akakaa kumshika mkono, hadi marehemu alipomwambia, "Mwanangu, mimi nimeshakauka, mama yako ndiye bado mbichi. Nenda."

Ghita akaenda. Wapo waliosema kisimani kwamba alimwacha baba yake afe peke yake, na familia inajibu mbele ya jeneza hili kwamba Nardo, mkwewe, alikuwepo, na kila marehemu alipopata pumzi aliuliza kama mwanga bado unatosha kanisani, na jioni, alipoletewa habari kwamba macho ya Ana yamekamilika, akafumba yake.

Tunamshukuru tabibu Ugolino, mafundi wenzake, majirani waliotoa mayai ya kuchanganyia rangi bila kununa, na mwokaji Tura, aliyekimbia siku nzima kati ya jukwaa na kitanda kupeleka habari, na ambaye marehemu alimchora miongoni mwa waliookolewa ingawa sote tunaujua mkate wake.

Sasa inueni macho mumtazame Ana, kazi ya Ghita, binti wa Guccio.

Pumzika kwa amani, Baba. Ukuta umekauka, na uso haukupasuka.