Kopo la Vidonge vya Mifukoni

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali hii,

Karibu chumba cha kufulia. Joto likikuzidi, tuwie radhi kwa hilo moja. Sisi limeshatukalia mwilini kama nguo ya ndani. Umekuja kuzindua mashine ya kukaushia, na tunashukuru.

TULIKOTOKA

Kabla ya kufua tunapekua mifuko ya nguo za wagonjwa. Hutoka sindano, meno ya bandia, na vidonge. Vidonge tulivitia kwenye kopo moja, tukavijua kwa rangi, kama vifungo.

MAFANIKIO

Shuka mia nne kwa siku, na hakuna mgonjwa anayelalia doa. Mwenye mkono mwepesi kutupita wote ni Shangazi Pasi. Leo hayupo kwenye mstari huu.

CHANGAMOTO

Shangazi alifiwa na bintiye wa pekee katika wodi ya wazazi. Aliporudi kazini alipewa shuka za wodi ileile. Usingizi ukamhama, moyo ukawa unamwenda mbio. Daktari akamwandikia vidonge vya usingizi vya wiki mbili. Alivimeza miaka mitatu. Kila mwezi dirisha la dawa lilimuuliza swali moja tu.

"Vilevile, mama?"

"Vilevile, mwanangu."

Tulipomtania kwamba anasinzia akiwa wima, alijibu, "Kunyoosha shuka nanyoosha mimi, kulala zinalala zenyewe."

Mwezi uliopita dirisha likamwambia, "Vimezuiwa. Acha leo hii hii." Akaacha. Siku ya tatu mikono ilimtetemeka hata pasi haishikiki. Jasho linamtoka, macho makavu, mlango ukigongwa anaruka. Tulishindwa kumtazama. Tukafungua kopo. "Hivi vya bluu ndivyo vyako, Shangazi."

Akavimeza. Vilikuwa vya presha.

Kabla ya chai ya saa nne alianguka akitupatupa miguu, na mkono ukabanwa kwenye mashine ya pasi. Wodini walifunga kidonda, wakamrudisha nyumbani bila kuuliza kilichomwangusha. Sasa anatetemeka kitandani kwake, na barua ya kufukuzwa kazi iko chini ya mto.

MAOMBI

Aonwe na daktari leo, kabla hujakata utepe. Arudishiwe dawa yake, kisha apunguziwe kidogo kidogo, kwa ratiba iliyoandikwa. Barua ifutwe. Na yeyote anayepewa vidonge hivi aambiwe mwisho wake ni lini, aulizwe anaendeleaje kabla ya kuongezewa. Mara mbili tumeandika, mara mbili tumejibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Hii ya tatu tunakusomea wewe mwenyewe, Shangazi akiwa bado anapumua.

Kopo tumelileta. Ni hilo lililo mbele yako mezani.

Mungu akujalie, mgeni rasmi, usingizi usiodai kidonge.

Ofisi imetuagiza tumalizie kwa kuomba radhi kwa ajili ya kopo. Shangazi Pasi tumempigia magoti kitandani kwake, tumelia naye, ametusamehe. Kwenu hatuombi radhi.

Ni sisi, wafuaji na wapiga pasi wa chumba cha kufulia.