Pakanga Niliyokunywa na Sindano Iliyoniponya

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Mnanijua sisemi mbele za watu, na shule niliishia ya msingi. Haya nimeyaandika polepole kwa siku tatu, na nitayasoma yote. Shangazi yangu, Mama Neema, aliniambia, "Mwanangu, ukisimama sema maombi tu. Hospitali uiache." Shangazi, nisamehe. Siiachi.

Niliporudi kutoka Uvira, nilikokwenda kumzika babu, nilishikwa na homa hapa ugenini Northfield. Shangazi alichemsha majani makavu ya pakanga, ule mmea uliotoka China ambao kwetu wengi wanaupanda kwa ajili ya malaria. Nikanywa chai ile chungu asubuhi na jioni, wazee wakaniombea. Siku ya pili homa ikashuka, tukaimba. Niliposema nikapimwe hospitali, Mzee Daudi akacheka: "Kijana, Mungu ameshakuponya, sasa unataka na cheti?" Nikaona aibu, sikwenda.

Ndugu zangu, aibu ile nusura iniue. Siku ya tano homa ilirudi kwa nguvu, nikawa namwita shangazi kwa jina la mama yangu aliyekufa. Binamu yangu Neema, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akaita gari la wagonjwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Hospitalini walinipima, wakakuta malaria, wakanichoma sindano ya mshipa. Akili iliponirudia nilimuuliza muuguzi ni dawa gani. Akasema asili yake ni pakanga. Nikashangaa: "Lakini nimeinywa siku tano!" Akanieleza, Neema akitafsiri kwa kubahatisha, kwamba dawa imo ndani ya jani, ila ni kidogo, na kila jani lina kiasi chake. Chai inapunguza vijidudu, haivimalizi. Ya sindano imepimwa.

Wengine mnanong'ona kwamba nilikosa imani. Nakataa. Aliyeweka dawa ndani ya jani ni Mungu, na aliyempa mtu akili ya kuitoa na kuipima ni Mungu yuleyule. Sitamnyima sifa hiyo ili wazee wasione haya.

Mzee Daudi, wiki ijayo unasafiri kwenda Uvira na watoto, na najua umeshafunga majani kwenye sanduku. Baba, kesho asubuhi nitakupitia nyumbani, twende kwa daktari mkapate vidonge vya kinga. Nitakaa nawe kwenye foleni. Mtumaini Bwana, uvae koti, twende.