Uji Kwanza, Maswali Baadaye: Kumuaga Mama Ulimi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi wa shule yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Alipoanza kazi, baadhi ya wazazi walioketi hapa leo walikuwa bado wanavaa sare zetu, na wapo aliowatoa punje za mahindi puani. Wanajijua, hatutawataja.

Mwalimu mkuu aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu chumba changu cha hesabu na chumba cha wagonjwa cha mstaafu wetu vinachangia ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa mbao. Aliniomba pia uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini mstaafu naye alinipa sharti lake: nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niandike na habari ya yule binti, la sivyo haji kwenye sherehe. Na kwa kuwa kamati ya shule imebandika tangazo kwamba kuanzia Jumatatu uji wa asubuhi utakuwa wa watoto watakaothibitishwa na chumba cha wagonjwa kuwa ni dhaifu, naona sharti hilo limekuja kwa wakati wake.

Watoto humwita Mama Ulimi. Mgeni akisikia anaweza kudhani ni kwa umbeya, kumbe hakuna mtu anayefunga mdomo shuleni hapa kama yeye. Jina lilitokana na desturi yake: kila aingiaye mlangoni kwake, kabla hata ya salamu, atoe ulimi autazame. Mwalimu mkuu wa zamani aliwahi kumpelekea mgeni mheshimiwa, mwalimu mkuu mwenyewe akaambiwa atoe ulimi. Akautoa, mgeni akiangalia. Akaelezwa kwamba anakunywa chai tupu tangu asubuhi na ndiyo maana anawafokea walimu.

Alipofika alikuta kitanda kimoja, kabati la dawa na foleni. Foleni hiyo ilijipanga kila siku kipindi cha tatu: kichwa, tumbo, kizunguzungu. Mwanzoni aliwapa vidonge. Baadaye akaanza kuwauliza kama wamekula, na wote walijibu wamekula, maana mtoto hufundishwa mapema kwamba ya nyumbani hayatolewi nje. Ndipo akabadili swali. Akawa anauliza, kama mtu anayepiga soga tu, leo nyumbani nani aliwasha moto. Hilo hawakuwa wamefundishwa kulijibu. Wengi walisema moto haukuwashwa. Wengine walikunywa chai ya rangi, basi. Wenye visarafu walinunua pipi na maji ya sukari yenye rangi kwenye kioski cha getini, wakaingia darasani wakirukaruka, na kabla ya mapumziko ama wamelala juu ya daftari ama wanapigana. Mimi nimefundisha kugawanya mbele ya vichwa vilivyolala, najua ninachosema.

Alipeleka ombi la chakula kwa kamati ya wakati ule. Akajibiwa kwamba shule si hoteli, na kwamba lipo fungu la dawa, la chakula halipo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi akafanya alichoweza: uji ukawa dawa. Aliweka jiko nyuma ya chumba chake, na kila mtoto aliyekuja na maumivu alipewa kikombe cha uji wenye maziwa na karanga, anywe amalize, arudi darasani. Kamati ikaridhika, kwa kuwa sasa wanaolishwa ni wagonjwa.

Mtoto si mjinga. Haukupita muda, nusu ya shule ikawa inaumwa. Mmoja, alipoona amekwisha kutaja kila kiungo, alisema nywele zinamuuma. Mwingine alieleza kwamba anayeumwa ni kaka yake, ila kaka ni mwenye aibu, kwa hiyo amekuja kumnywea. Nyuma ya ukuta ule nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Sikucheka sana nilipotazama darasa langu na kuwaona waliobaki vitini: wale ambao mama zao waliwakataza kusema uongo. Hao walishinda na njaa yao kimya. Wengi wa waliokwenda walikuwa na maneno mawili tu ya kuombea kikombe, kichwa kinaniuma, na Mama Ulimi aliyasikia mara nyingi kiasi kwamba yalikuwa kwake kama kubisha hodi.

Kisha asubuhi moja akaja binti wa darasa la nne, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa mteja wa kila siku. Akasema kichwa kinamuuma. Mama Ulimi akampa kikombe, akamgeukia aliyefuata, maana foleni ilikuwa imefika dirishani kwangu. Siku hiyo hata ulimi hakumwambia autoe.

Wakati wa kuosha vikombe alikuta kimoja kimejaa, pale alipokuwa amekaa binti. Mtoto mwenye njaa haachi uji. Nilisikia kikombe kikianguka sakafuni, kisha nikamwona akipita mbio mbele ya mlango wangu, mikono ina povu. Binti alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati, na mwalimu wake alidhani anasinzia kama wanavyosinzia wenzake. Shingo ilikuwa imekakamaa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alifariki hospitalini kesho yake jioni.

Daktari alisema kwamba huenda hata angewahishwa isingesaidia. Huenda. Mama Ulimi hajawahi kulitumia neno hilo kujifariji, na kila aliyejaribu kumpa alirudishiwa.

Mkutano wa wazazi ulipoitishwa, aliomba azungumze. Hakujitetea. Alisema kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watoto kuumwa ili wale, na mmoja alipoumwa kweli, alimsikia kama anavyowasikia wengine. Mama wa binti akasimama. Tulidhani atalia au atatukana, na angekuwa na haki ya yote mawili. Alisema, “Mwanangu alikuambia,” akaketi. Katika wasifu huu sikunukuu maneno ya mtu mwingine yeyote. Hayo mstaafu mwenyewe alitaka yawemo kama yalivyosemwa.

Ndipo babu mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watatu aliuliza: kila nyumba ikileta kopo la nafaka kila mwezi, kamati itakuwa na lipi la kukataa? Kamati ilitafuta, haikupata. Wiki iliyofuata jiko lilihamia uwanjani, na tangu hapo kila mtoto hunywa kabla ya kengele ya kwanza. Mwenye nacho na asiye nacho, aliyekula kwao na asiyekula, hakuna anayeulizwa.

Mafanikio ya mstaafu wetu ni mengi, nitataja ninayoyaona mwenyewe. Wachelewaji walipungua bila kiboko. Watoto walizoea kunawa mikono kabla ya kushika kikombe, na wakapeleka tabia hiyo nyumbani kuwasumbua wazazi wao. Mwenye kioski alinuna kwa kuharibiwa soko la pipi, halafu akaanza kuuza ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha. Biashara ni biashara. Kipindi cha tatu wanafunzi wangu wananibishia majibu, jambo linalonichosha na ambalo sitaki liishe. Na foleni ya chumba cha wagonjwa ilikauka. Wanaokwenda sasa wanaumwa kweli, na Mama Ulimi huwaona mapema. Yupo mmoja wa darasa la saba aliyewahishwa hospitali kwa kidole tumbo. Ni mtundu kupita kiasi, na yu hai.

Mama wa yule binti hakumsamehe, au kama alimsamehe hakumwambia. Hana mtoto hapa tena, wa mwisho wake alimaliza zamani. Lakini kila mwezi huleta kopo lake la nafaka, huliweka kizingitini pa chumba cha wagonjwa, na huondoka bila salamu. Mama Ulimi huliingiza kwa mikono yake, haruhusu mwingine aliguse. La mwezi huu lilifika Jumanne. Tumemwekea mama huyo kiti mstari wa pili. Kama atakuja hatujui.

Wajumbe wa kamati mmeketi mstari wa kwanza, na chai mmeshakunywa. Tunajua nafaka imepanda bei na watoto wameongezeka. Tunajua mnataka uji uwafikie wanaostahili. Hata wakati ule hakukuwa na mwenye roho mbaya. Lakini mtoto akijua kwamba kikombe hupatikana kwa udhaifu, atakuwa dhaifu, na muuguzi mpya, kijana mwema mwenye vyeti vyake, atajifunza kidogo kidogo kutomsikia. Inasikitisha kwamba lazima niyaandike haya kwenye karatasi ya sherehe, lakini wapi pengine mngeyasoma?

Siku ya makabidhiano, Mama Ulimi alimwachia kijana huyo funguo, kabati na agizo moja: mshibishe kwanza, ndipo umuulize panapouma. Aliyeshiba hana sababu ya kudanganya.

Asante, Mama Ulimi. Umetufanyia kazi ukiwa na jeraha lako, na hukutuomba tujifanye hatulioni. Tunakutakia maisha ya asubuhi ndefu, chai ya moto unayoinywa umekaa, na mtu mwingine wa kukuoshea kikombe. Usije Jumatatu. Tangazo tumelisoma, na walimu tumekwisha kugawana zamu za kuwasha jiko. Kabla ya kengele ya kwanza watoto watakuwa uwanjani na vikombe vyao kama ulivyowazoesha, na hakuna hata mmoja atakayelazimika kuumwa kwanza.