Historia ya Bwana Sindano, Mchanja Mbwa

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi naye, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, na familia imeagiza isomwe pia sababu ya kifo bila kuzungusha maneno, kwa kuwa minong'ono imekuwa mingi.

Kaka yetu, ambaye watoto wa mtaa huu walimwita Bwana Sindano, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo kando ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu chuo cha mifugo. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika ofisi ya mifugo, na kazi yake ikawa hiyo moja hadi mwisho, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kazi ambayo sisi ndugu zake tuliicheka sana, maana hatukumbuki alitutembelea lini akiwa na suruali isiyochanika. Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na mwalimu wa darasa la kwanza, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambaye hadi leo akiona mbwa huvukia upande wa pili wa barabara.

Marehemu hakuwa mtu wa maneno, ila ukimgusia virusi umeyataka mwenyewe. Alisema kirusi ni kitu kidogo mno, hakili, hakipumui, na kikiachwa peke yake hakiwezi hata kuzaana, mpaka kipenye ndani ya seli ya mwili na kuishurutisha iache kazi zake itengeneze virusi vingine, na kwamba hiki cha kichaa huingia na mate kwenye jeraha, kisha hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu, wiki hata miezi, huku aliyeng'atwa akila na kucheka, hadi kifike kwenye ubongo, na kikishafika huko hakuna daktari wa kukitoa.

Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, siku ya chanjo katika uwanja wa shule, mama mmoja alileta kitoto cha mbwa, marehemu akakirudisha kwa kuwa hakijafika miezi mitatu, kama walivyozoea ofisini kwao, na yule mama akakitelekeza langoni. Kaka alikionea huruma akaja nacho nyumbani, na kesho yake kikamng'ata kidole akikilisha. Alinawa kwa sabuni, vizuri sana, akaishia hapo, akisema kitoto kama kile kingeupata wapi ugonjwa, na kwamba yeye alishachanjwa mwaka ule alioajiriwa, ingawa kwa miaka yote hiyo aliwahimiza wengine kwamba aking'atwa hata aliyechanjwa lazima achanjwe tena. Kitoto kilipokufa wiki hiyo alisema ni minyoo, akakifukia. Tumemkasirikia kwa hilo, na bado tumemkasirikia.

Tarehe 5 Juni mkono ulianza kumwasha na kumchoma, na kesho yake alipoletewa chai koo likakataa, akaweka kikombe mezani, akamwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kwamba ni kile kitoto cha mbwa, na kwamba yeye na watoto waende wakachanjwe asubuhi hiyo hiyo, wasimsubiri. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni, akiuogopa hata upepo wa mlangoni. Hakulogwa wala hakulishwa sumu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomfungia mapazia na kumpa usingizi, majirani mliolala nje nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wamekuja leo na sanduku la chanjo pamoja na muuguzi, wako hapo chini ya turubai la kijani.

Maana kitoto kile kilibebwa na watoto wengi wa mtaa huu, na tulipopita nyumba kwa nyumba tangu juzi, wazazi wengine walitujibu kwamba mtoto wao anakula na anacheza vizuri. Kaka naye alikula na kucheza bao hadi tarehe nne. Shemeji ameomba jeneza lisiinuliwe mpaka mtoto wa mwisho awe ameletwa, basi nendeni mkawachukue, hata walio usingizini, marehemu atasubiri, hana tena pa kuwahi.

Pumzika, kaka, kwa amani, watoto wanakuja.