Arlys Kangas na Kadi Ishirini na Tatu za Harrow

Mchungaji wetu, shemeji Wendell na watoto, jamaa wa Kangas na wa Skjerven, walimu wa kujitolea mliokuja na zile fulana zenu za uwindaji za rangi ya chungwa kama alivyoomba mwenyewe, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu siku ya leo, familia imemteua Orrin Skjerven, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na anaomba radhi mapema kwa urefu wa maelezo haya, kwani marehemu angeshatoka nje kwenda kuangalia gari kabla ya ukurasa wa kwanza kwisha.

Arlys Marie Kangas alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, nyumbani kwa wazazi wake, Balsam Ford, wilaya ya Tolvan, kaskazini kabisa mwa jimbo letu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Ingvald Skjerven, mpasua mbao, na marehemu mama yetu Thelma, ambaye mpaka uzeeni alikuwa akisimulia kwamba binti huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na kwamba kuanzia siku hiyo yeye kama mama alikunywa kahawa yake akiwa amesimama mlangoni.

Alianza shule ya msingi Balsam Ford mwezi Septemba 1957, akaendelea na sekondari Vesper hadi Juni 1969, ambako ripoti zake zote, tunazo nyumbani, zinasema jambo moja, kwamba ana akili ila haketi, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1972, akafundisha sayansi shule ya msingi ya Harrow kwa miaka saba, akiwatoa watoto darasani kwenda kusoma nyayo za wanyama kwenye theluji hata siku ambazo wazazi walikuja kulalamika. Bunduki alifundishwa na baba akiwa na miaka kumi na miwili, na kulungu wake wa kwanza alimpata Novemba 1964, akambeba yeye mwenyewe hadi barabarani, akakataa kusaidiwa.

Tarehe 14 Agosti 1976, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Wendell Kangas, fundi wa injini za boti, mtu mtaratibu kuliko watu wote wa wilaya hii, na Mungu akawajalia watoto wawili, Signe, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1978, na Karsten, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1980.

Mwaka 1979 aliajiriwa na idara ya wanyamapori kama karani, na tarehe 1 Oktoba 1984 akawa mratibu wa mafunzo ya wawindaji na wa wahifadhi wa kujitolea kwa wilaya sita za kaskazini, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, kama kukalia ni neno sahihi, maana mchana alikuwa barabarani na pikapu yake, akiwapelekea walimu mia moja na arobaini vitabu na bunduki za mbao za kufundishia, na mwisho wa juma alikuwa kwenye vinamasi na watu wa kujitolea, wakitundika viota vya mbao vya bata mwitu, wakipanda misonobari, wakihesabu ndege. Shemeji Wendell alizoea kumwambia, "Kaa chini ule, mke wangu, bata hawaendi popote," naye akimjibu akiwa ameshashika funguo kwamba hiyo ndiyo kazi ya bata, kwenda.

Sasa familia ilijadiliana kama sehemu inayofuata isomwe, wengine wakiona siku ya maziko si mahali pake, mpaka shemeji aliposema, "Soma. Akisikia tumeiruka, atatoka humo ndani." Bwana Roy Hruska, aliye pamoja nasi, naye ameruhusu jina lake litajwe, na tunamshukuru.

Mwezi Aprili 1993, Mzee Lyle Brandvold, aliyekuwa amefundisha wawindaji kwa kujitolea kwa miaka ishirini na sita na aliyependwa na kila mtu, alimaliza kozi ya watu ishirini na watatu katika ukumbi wa mji wa Harrow, lakini siku ya mazoezi ya porini, Jumamosi tarehe 24, theluji ilianguka hadi magotini, mazoezi yasifanyike, na Mzee Lyle akampigia Arlys simu akamwambia kwamba hawa watu amewafundisha vizuri, kilichobaki ni kuruka uzio na bunduki tu, jambo ambalo mtu yeyote wa huku analijua, basi aweke sahihi. Wiki hiyo Arlys alikuwa na kozi nyingine tisa na pikapu imewashwa nje, akaweka sahihi kadi zote ishirini na tatu za kuthibitisha kwamba mafunzo, pamoja na yale ya porini, yamekamilika, akiwa amesimama, juu ya boneti ya gari.

Jumamosi tarehe 6 Novemba 1993, asubuhi ya kufunguliwa msimu wa kulungu, mmoja wa wale ishirini na watatu, Roy Hruska, dereva wa lori la maziwa, aliyechukua kozi ile ili awinde na baba mkwe wake, alipanda uzio wa seng'enge huku bunduki yake ina risasi ndani, akateleza, ikafyatuka, na baba mkwe wake, Emil Zupan, akafariki papo hapo shambani kwake mwenyewe.

Waliochunguza waliona kwenye faili kwamba mazoezi yalifanyika na sahihi ipo, wakafunga faili, na hakuna aliyeuliza zaidi, hivyo waliojua kwamba faili lile linasema uongo walikuwa wawili tu, Arlys na Mzee Lyle. Arlys alikaa na jambo hilo siku nne, na Wendell anasema katika siku hizo hakumwona akila hata mara moja, alikuwa akizunguka nyumba, akipasua kuni ambazo hawakuzihitaji, kisha siku ya tano akaenda kwa mkuu wake wa kazi, ambaye hatutamtaja, akamweleza yote, na mkuu yule akamshauri kwamba sheria wakati ule ilidai saa za darasani tu, kosa ni la aliyeshika bunduki, na mwisho akamwambia, "Ukilitia hili kwenye maandishi, Arlys, mimi siwezi tena kukusaidia." Akaliandika jioni ile ile, kurasa mbili, akaweka jina lake chini.

Kisha alikwenda kwa mjane, Bi Frances Zupan, na yaliyosemwa jikoni pale tunayajua kwa sababu Bi Frances mwenyewe alimsimulia mama yetu baadaye. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumpa kiti, akamuuliza, "Umekuja nikusamehe ukapate usingizi?"

"Hapana, mama. Nimekuja ujue."

"Na hao wengine wenye kadi kama ya Roy, wamebaki wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Basi hapa kwangu unafanya nini?"

Arlys alitoka pale bila kuaga vizuri, na jambo hilo lilimsumbua muda mrefu. Alisimamishwa kazi wiki tatu, kisha akashushwa cheo na kuwekwa ghalani kuhesabu fulana na vitabu, mahali pabaya kuliko pote kwa mtu wa aina yake, na kwa kuwa alipokuwa bado na mamlaka alishamwondoa Mzee Lyle kwenye orodha ya walimu, walimu arobaini walijiuzulu kwa kumwonea uchungu mzee wao, na kwenye mkahawa wa Vesper watu waliokuwa wakimvutia kiti wakawa wanahamisha vikombe vyao akiingia. Mdogo wake, anayewasomea haya, alikuwa mmoja wa waliohamisha kikombe, na ilimchukua miaka miwili kumwomba radhi.

Arlys alifunga nguzo mbili, seng'enge kidogo na bunduki ya mbao nyuma ya pikapu, akaanza kuwatafuta wale ishirini na wawili mmoja mmoja, kila Jumamosi na Jumapili, kwa mafuta yake na muda wake, akiwasimulia ukweli mlangoni kisha akisimika uzio wake uani ili wafanye zoezi mbele ya macho yake, toa risasi, fungua chemba inamokaa risasi, pitisha bunduki chini ya waya, ndipo uvuke. Wengi walikubali kwa aibu, wengine kwa hasira, na huko Otter Bend bwana mmoja alimfungia mlango mara tatu, na mara ya tatu Arlys akausimika uzio hivyo hivyo akawa anauruka mwenyewe, kwenda na kurudi, mvua inanyesha, mpaka mke wa yule bwana akashindwa kuzuia kicheko na kusema, "Toka ukaruke, Vern, kabla huyu mama hajatuhamia."

Kila alipomaliza mmoja alimpigia Bi Frances, naye Bi Frances hakuwa na maneno mengi, alitaja idadi tu, kumi na nne, kumi na tano, akakata simu. Kufikia Mei 1997 walifika ishirini na mmoja. Wa ishirini na mbili, Corinne Ostby, alikuwa amehama jimbo, barua zikawa zinarudi, simu zikapokewa na watu wengine, na Bi Frances alifariki Machi 2006 idadi ikiwa ishirini na moja, na Arlys aliporudi kutoka maziko yale alimwambia Wendell, "Sasa nitampigia nani?" akatoka tena nje. Corinne hakupatikana. Signe amesema tuseme hivyo wazi, tusiipambe.

Mwaka 1996 alirejeshwa kwenye uratibu, na katika wilaya zetu sita ikawa kanuni kwamba hakuna kadi bila zoezi la porini lenye sahihi za walimu wawili, na walimu wapya walikuja, wa zamani kadhaa wakarudi, ila Mzee Lyle hakurudi wala hakuzungumza naye mpaka alipofariki mwaka 2001, ingawa Arlys alihudhuria maziko yake, akasimama nyuma. Bwana Roy hakushika bunduki tena, lakini tangu mwaka 1998 amekuwa mtengenezaji wa viota vya bata, na vile mnavyoviona kandokando ya kinamasi cha Harrow karibu vyote ni vya mikono yake, ingawa yeye na Arlys walifanya kazi miaka mingi bega kwa bega na kuzungumza habari za misumari tu.

Arlys alistaafu tarehe 30 Juni 2013, akaendelea kufundisha kwa kujitolea, na wajukuu wake wanne wote wameruka ule uzio.

Tarehe 11 Juni 2021 alibainika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya wilaya, kisha akaomba arudi nyumbani, ambako shida haikuwa maumivu tu bali kitanda, maana aliamka na kuondoka, na siku moja mwezi Septemba Signe alimkuta ndani ya pikapu, amevaa buti na gauni la kulalia, akamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" naye akajibu, "Sijui bado. Washa kwanza." Kuanzia siku hiyo shemeji Wendell alimtoa kila alasiri, polepole, barabara za msituni, maana humo garini ndimo alimopata usingizi, na Jumapili tarehe 3 Oktoba 2021, saa kumi na dakika ishirini alasiri, waliporudi uani, kabla Wendell hajazima injini, aliona mkewe amenyamaza kwa namna nyingine, akazima, akakaa naye. Alikuwa na umri wa miaka sabini, miezi sita na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa yule muuguzi aliyekubali kumdunga sindano akiwa amesimama, majirani wa barabara ya ziwani mliotupasulia kuni, akina mama wa kanisa waliotupikia na ambao chakula chao kinatungoja hapo chini, walimu na wahifadhi wa wilaya zote sita mliokuwa wenzake kazini, pamoja na wale mliogombana naye na bado mmekuja.

Dada Arlys, gari limezimwa, umefika. Teremka taratibu, upumzike kwa amani.