Mama Assia na Bahasha ya Kiswahili Daraja la Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Assia Mbaruku atakabidhi ufunguo wa chumba cha kudurufu cha Chuo Kikuu cha Bonde la Rusizi, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya kazi. Tangu Aprili 1992 hakuna mwanafunzi aliyeketi katika ukumbi wetu wa mitihani ambaye karatasi yake haikupita mikononi mwa mama huyu, ukitoa karatasi chache ambazo tutazifikia. Madaktari, mahakimu na wachungaji wengi wa mji huu walitokwa jasho juu ya maswali aliyoyachapa yeye, na wengine hadi leo wakimwona sokoni hubadilisha njia.

Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, avenyu ya saba, mwaka 1965. Alipoajiriwa, chuo kilikuwa na mashine moja ya stensili, ya kuzungusha kwa mkono, yenye tabia mbaya na wino usiotoka vidoleni wiki nzima. Katika miaka mibaya ya mji wetu, asubuhi ambazo barabara zilifungwa na wengi wetu tukabaki majumbani, yeye alikata mtaa wa Bwiza kwa miguu hadi hapa chuoni Nyakabiga, akafungua chumba, akasubiri. Mitihani ya chuo hiki imewahi kuahirishwa kwa sababu nyingi. Kwa sababu ya karatasi kukosekana, haijawahi.

Sheria zake zinajulikana. Profesa mmoja, ambaye leo ana mvi na tutamhifadhia jina, aliwahi kuingia chumbani wakati mtihani wake unachapwa, eti anataka kurekebisha koma moja. Mama Assia alimshika kiwiko kwa heshima zote na kumrudisha nje. "Mutihani ikishaingia humu, haina baba tena," alimwambia, kisha akafunga mlango. Koma ile ilibaki palepale, na wanafunzi walifaulu.

Amefundisha wasaidizi watano. Wa mwisho ni mwandishi wa mistari hii, Bonfils, aliyefika mwaka 2009 akijua kubonyeza kitufe cha kijani na basi. Kila anachokijua kuhusu mashine, karatasi na kufunga mdomo, alikipata kwake. Hilo la kufunga mdomo tutalirudia, maana kuna mahali mwanafunzi huyu alikosea somo.

Mwaka 2016 utawala ulitoa agizo kwamba kila mkuu wa kitengo awe na cheti cha daraja la tatu cha lugha ya Jumuiya, Kiingereza au Kiswahili, ndani ya miaka miwili ya masomo. Asiyekuwa nacho angeachia cheo. Wakuu wengine walishika vichwa. Mama Assia alicheka. Alikwenda kujiandikisha masomo ya jioni, na binti wa mapokezi alipomwambia afanye kwanza mtihani wa kupimwa kiwango, alimtazama kwa huruma ya kweli. "Weye unipime Kiswahili, mi? Mi mutoto wa Buyenzi. Andika tatu."

Binti akaandika tatu.

Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakufanya mtihani kwa Mwalimu Salem. Daraja la tatu alilofundisha lilikuwa la insha, muhtasari, mashairi ya zamani, na tafsiri za nyaraka za mahakama kutoka Kifaransa. Mama Assia alisoma shule kwa Kirundi na Kifaransa kama sisi sote. Kiswahili alikisema, alikiimba, aligombana na kuolewa kwa Kiswahili, lakini hakuwahi kukiandika hata barua moja. Jaribio la kwanza alipata alama nne juu ya ishirini. Aliyeongoza darasa, kwa kumi na saba, alikuwa Orlane, msichana kutoka Ngozi aliyejifunza lugha hiyo vitabuni kwa miaka miwili na ambaye hakuweza kununua fungu la nyanya bila kubadili kwenda Kirundi.

Siku ile alirudi chumbani na insha yake kuhusu harusi, kurasa tatu, zote nyekundu kwa kalamu ya mwalimu. Alikaa juu ya katoni ya karatasi. "Bonfils," alisema, "wamekataa Kiswahili ya mama yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, na haikuwa kwa sababu ya alama.

Ni haki kusema kwamba Mwalimu Salem hakuwa mtu mbaya. Alimwita baada ya kipindi akamwambia, "Mama, cha mama yako sijakifuta. Mtihani unataka hiki kingine. Chukua vyote viwili, hakuna atakayekunyang'anya." Alimshauri ashuke daraja la kwanza. Lakini kuanzia la kwanza kulitaka miaka mitatu, naye alipewa miwili. Zaidi ya hayo, kama alivyosema mwenyewe, akikaa na watu wanaofundishwa kusalimia 'jambo', Buyenzi angepita wapi? Alibaki pale alipojipeleka.

Ndipo akaingia mapatano na Orlane. Jumamosi, mama alimchukua msichana kwenye soko la Buyenzi na kumwachia abishane na wauza ndagala, dagaa wa ziwani, hadi wamcheke au wampunguzie. Siku za kazi, saa sita mchana, Orlane alikaa naye kwenye ngazi za maktaba na kumsahihishia insha. Mama wa miaka hamsini na mmoja, mwenye wino viganjani, akisomewa makosa na mtoto wa miaka ishirini na mbili, tena mbele ya wapita njia wanaomjua. Wengi wetu tungeona aibu. Yeye aliona aibu pia, alisema hivyo waziwazi, kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Kulikuwa na jambo jingine. Mitihani ya darasa lake ilichapwa katika chumba chake, kwenye mashine yake, na ufunguo anao yeye. Hakuna aliyemwambia afanye lolote. Lakini kila bahasha ya Kiswahili daraja la tatu ilipofika, hakuigusa. Alimwachia msaidizi wake bahasha na ufunguo, akavaa mtandio wake, akaenda kwao Buyenzi hadi kazi iishe. Mwaka wa kwanza alipata saba. Chumba alikuwa nacho, mashine alikuwa nayo, na alipata saba.

Juni 2018, mwisho wa mwaka wa pili, alipata kumi na mbili. Alileta maandazi, akagawa ofisi kwa ofisi, hata kwa wale asiowapenda. Siku mbili baadaye, karatasi isiyo na jina ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: anayechapa mtihani atakosaje kuufaulu?

Hapa naomba niache kujiita mwandishi wa mistari hii. Mimi ndiye niliyechapa mtihani ule. Mama Assia alinipa bahasha saa tatu asubuhi, haijafunguliwa, akatoka, na hakurudi hadi saa nane. Hakuna aliyetuona, kwa hiyo mtu mmoja tu chuoni aliweza kusema.

Bwana Gélase, katibu wa mitihani wakati ule, aliniita akaniuliza swali moja: bahasha ile ilichapwa na nani? Jibu lilikuwa jina langu tu. Nikasema, "Patron, siku ile kazi ilikuwa mingi, siwezi kumbuka nani alikuwa mu chumba." Nilikumbuka vizuri kabisa. Nilikuwa na cheti cha Kiingereza, na Mama Assia akikosa chake, mkuu wa chumba ningekuwa mimi. Kulikuwa na nyumba naijenga Mutanga Nord na mke aliyechoka kupanga. Naeleza, sijitetei.

Baadaye tuliitwa wote wawili pamoja. Bwana Gélase alimsomea jibu langu. Mama Assia alinigeukia, akangoja kidogo. Nikaangalia viatu vyangu. Angeweza kusema, "Huyu ndiye niliyempa." Pengine aliona kwamba neno lake dhidi ya langu lingekuwa tope la sisi wawili. Alichosema ni hiki: afutiwe alama zote, apewe mtihani mpya, maswali yaandikwe kwa chaki ubaoni na mwalimu mwenyewe, yasipite kwenye karatasi wala mashine yoyote.

Alifanya mtihani ule peke yake katika ukumbi wa viti mia mbili, na sisi tukimchungulia madirishani. Mtu anayeandika huku chuo kizima kinamtazama kama mwizi haandiki kama kawaida yake. Alipata tisa, na kufaulu kunataka kumi.

Kanuni inaruhusu baraza la mitihani kumwongezea alama moja mtu aliyebaki mlangoni. Tunaiita repêchage, na wengi tuliosoma tumewahi kuokolewa nayo. Baraza liliamua kumpa, kwa sauti moja. Walimwita wamwambie habari njema. "Murakoze, wakubwa," aliwajibu. "Mi nilikuya kutafuta Kiswahili, apana huruma." Akaomba ruhusa, akarudi kazini, maana kulikuwa na mitihani ya sheria inasubiri.

Septemba niliteuliwa mkuu wa chumba. Asubuhi ya kwanza alinikuta mezani, akanipa mkono. "Chef, hongera. Ile rola ya kati inakwaruza, usiingojeshe mpaka Ijumaa." Tangu siku ile aliniita Chef. Nilitafuta kejeli ndani ya neno hilo, sikuipata, na nafikiri ingenisaidia ningeipata.

Watu walidhani ataacha masomo, kwa kuwa cheo kilishakwenda. Oktoba alijiandikisha tena, daraja la tatu, mara ya tatu. Alipoulizwa kwa faida gani, alijibu kwamba alianza, basi amalize. Kawia ufike: Juni 2019 alipata kumi na nne, na Mwalimu Salem aliisoma insha yake mbele ya darasa zima. Ilikuwa kuhusu mama yake. Orlane, ambaye leo ni mwalimu wa Kiswahili Ngozi, anasema wanafunzi wake wanaisoma kila mwaka, na kwamba siku hizi nyanya ananunua kwa Kiswahili bila kuibiwa.

Mwaka huohuo wa tatu Mama Assia alituachia kitu ambacho chuo kizima kinakitumia leo bila kujua kilitoka wapi. Alinunua daftari kubwa la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, bahasha, imepokelewa na nani, imechapwa na nani, nani walikuwemo chumbani, sahihi mbili. Aliniletea niidhinishe kama mkuu. Nilimuuliza kwa nini, nikijua kwa nini. "Ili mutu asibakie anangojea roho ya mwenzake," alisema, akanielekeza pa kusaini. Mwaka 2020 utawala uliagiza kila kitivo kiwe na daftari kama hilo. Mtihani wake aliopata kumi na nne umeandikwa humo, na hakuna aliyebandika karatasi ubaoni.

Tumefanya kazi pamoja miaka saba tangu siku ile ya viatu. Alimzika baba yangu bega kwa bega na ndugu zangu, amenipikia wageni, amenisahihishia barua zangu za Kiswahili, hii ikiwa ya kwanza ambayo sikumpelekea. Hajawahi kugusia jambo lile. Nilidhani kila mwaka unaopita unanipunguzia deni la kusema. Sasa anaondoka, na nimeona kwamba akitoka mlangoni bila neno langu, ataondoka na shaka ya watu mgongoni mwake, nami nitabaki na ufunguo wake.

Daftari lake linaanza Oktoba 2018. Mstari wa Juni haumo. Nauandika hapa mbele ya wafanyakazi wote, na nakala yenye sahihi yangu iko mezani kwa Mkuu wa Utawala tangu Jumatatu. Jibu lake litakapokuja nitalipokea, liwe lolote.

Tarehe 14 Juni 2018. Bahasha: Kiswahili daraja la tatu. Imepokelewa na Bonfils. Imechapwa na Bonfils. Waliokuwemo chumbani: Bonfils peke yake. Mama Assia Mbaruku hakuwemo, na zile kumi na mbili zilikuwa zake.

Mama Assia, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa miaka thelathini na mitatu. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na wajukuu wenye kelele. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe. Na Jumanne utakapoamka bila ratiba ya mitihani, ukae barazani kwako avenyu ya saba, unywe chai yako taratibu, ukijua kwamba mtu aliyepaswa kusema, amesema.

Bonfils, chumba cha kudurufu