Ngoma ya Kutazama

Mimi umbea siujui; nikipanda basi natia waya masikioni, nasikiliza muziki wangu. Mkabala nami fundi cherehani alikuwa akimwonyesha jirani yake, mzee mpiga ngoma, programu ya simu: ukigusa kioo, ngoma inalia na duara jekundu linaruka. "Nimeitunga kwa harusi ya binti yangu kesho." Mzee akaguna, "Dada, hiyo katuni. Ngoma husikika!"

"Binti yangu ni kiziwi, mzee wangu. Wageni wacheze, yeye akodoe macho?"

"Basi aikumbatie ngoma yangu, aisikie kifuani."

"Na bwana harusi amkumbatie nani?"

Nikacheka. Wakanigeukia. "Kijana, nani mkweli?"

"Samahani, nasikiliza muziki."

Basi likasimama. Fundi akautazama waya wangu, ncha ikining'inia bila simu. "Muziki huo unatoka gotini, mwanangu?"